Denis Burkitt, daktari wa jicho moja aliyefuatilia saratani ya taya

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa wodini kumtazama mtoto wa miaka 5. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini. Burkitt hakuujua ugonjwa ule. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Alipompima alikuta uvimbe na tumboni pia. Hapo akashtuka, maana ugonjwa unaotokea mara mbili kwa sura moja haujaja kwa bahati.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Alipokuwa na miaka 11 alipigwa jiwe katika ugomvi wa watoto na kupoteza jicho la kulia. Aliyempiga hakumtaja. Alisoma udaktari Dublin, akahudumu jeshini wakati wa vita, kisha mwaka 1946 akaja Uganda na kuanzia kazi Lira. Daktari mwenye jicho moja kushika kisu! Lakini alishika, na akaaminiwa.

Alianza kwa kutuma vikaratasi vyenye picha kwenye hospitali nyingi za Afrika, akiuliza kama wameona watoto wa namna hiyo. Majibu aliyaweka kwenye ramani. Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford. Kwa wiki 10 walipita Kenya, Tanganyika na kuendelea kusini, karibu kilomita 16,000, wakisimama hospitali baada ya hospitali.

Hapa ndipo sisi wa nyanda za juu za Mbulu tutege sikio. Waligundua kuwa karibu na ikweta ugonjwa huu ulikuwa nadra juu ya mita 1,500 hivi. Walipozidi kwenda kusini, ulikoma hata kwenye miinuko ya chini zaidi. Kwa hiyo jambo lenyewe halikuwa mlima, bali joto na mvua. Anayeijua baridi ya Tumati na joto la Magugu ataelewa upesi: mbu hawapendi baridi. Baadaye watafiti waliuhusisha ugonjwa huu na malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara.

Mwezi Machi 1961 Burkitt alikuwa amezungumza London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwepo Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, wakaona kirusi ndani ya seli hizo.

Bado swali lilibaki: ndani ya seli kunaharibika nini? Seli ya mtu ina kromosomu 46, nyuzi zinazobeba maelekezo ya mwili. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili kila moja. Kamba nyembamba huja kutoka pande mbili na kuishika kila kromosomu kiunoni. Seli haianzi kuvuta mpaka zote zimeshikwa vizuri. Hata moja ikining'inia, kazi inasimama. Ni kama wavutaji kamba wanaongoja kila mtu ashike ndipo filimbi ilie.

Mwaka 1972 Manolov na Manolova waliona kromosomu ya 14 ya seli za uvimbe huu imerefuka. Mwaka 1976 ikajulikana kuwa kipande hicho cha ziada kimetoka kromosomu ya 8. Nyuzi mbili zilikatika zikaungwa vibaya, na sehemu inayoamuru seli kuzaana ikaangukia mahali inapowashwa bila kuzimwa. Kinachosikitisha ni kwamba ukaguzi ule wa kamba hauoni kosa hili. Kila kromosomu bado ina kiuno chake kimoja, inashikwa sawasawa, inavutwa sawasawa. Seli inagawa kosa kwa uaminifu uleule inaogawia kilicho sahihi.

Tanzania nayo ilihusika. Kati ya 1977 na 1982 watoto wa Mara Kaskazini walipewa klorokwini ili ionekane kama kupunguza malaria kutapunguza uvimbe. Ulipungua kweli, lakini ulikuwa umeanza kupungua kabla ya dawa, hivyo jaribio halikumaliza ubishi.

Burkitt mwenyewe, ingawa alikuwa mtu wa kisu, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuutibu ugonjwa huu kwa dawa. Uvimbe huu hukua haraka sana, ndani ya siku chache tu unazidi. Lakini kwa kuwa seli zake zinagawanyika kwa kasi, dawa zinazoua seli zinazogawanyika huzipata kirahisi, na watoto wengi wanaowahi hospitali hupona kabisa. Mzazi anayeona meno ya mtoto yanalegea na taya linavimba asidhani ni jino tu.

Baada ya kurudi Uingereza Burkitt alipata umaarufu wa pili kwa kuhimiza watu kula nafaka zisizokobolewa. Alifariki Machi 1993, akiwa na miaka 82.