Askofu aliyeshika jembe: Christopher Mwoleka wa Rulenge



Jumamosi iliyopita tulikuwa jumuiyani, tumekaa kwenye mikeka chini ya mwembe, wachache kama kawaida. Kijana mwenzetu mmoja akauliza kwa nini tunasumbuliwa na hizi jumuiya wakati Misa ya Jumapili ipo. Wazee walicheka tu. Mimi sikucheka, maana swali hilo nimekuwa nalo tangu Kipaimara. Nikarudi nyumbani nikawaza juu ya mtu ambaye kwetu huku, kuanzia Ngara mpaka Biharamulo, jina lake linatajwa sana ila maisha yake vijana hatuyajui: Baba Askofu Christopher Mwoleka.

Alizaliwa mwaka 1927, akapata upadri mwaka 1962. Mwaka 1969 aliteuliwa kuwa Askofu wa Rulenge, akipokea jimbo kutoka kwa Askofu Alfred Lanctôt, mmisionari wa Shirika la White Fathers. Jimbo lenyewe lilikuwa kubwa kuliko la leo, Karagwe ilikuwa bado ndani yake. Na angalieni mwaka huo. Ndio mwaka ilipotungwa sheria ya elimu iliyoziweka shule za misheni chini ya Serikali. Yaani askofu mpya anaingia, na chombo ambacho Kanisa lilikitumia miaka mingi kufundisha watu kinamtoka mikononi. Sasa utafundishia wapi?

Nionavyo mimi, jibu lake lilikuwa kijiji. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967, na Mwalimu Nyerere alikuwa akiwaita Watanzania waishi na kulima pamoja. Maaskofu wengi waliliunga mkono kwa maneno. Mwoleka alihamia. Alikwenda kuishi Nyabihanga, kijiji cha ujamaa jimboni mwake, akawa mwanakijiji kati ya wanakijiji, akashika jembe akalima nao. Hebu fikiria: unafika shambani asubuhi, na anayepalilia mstari wa pembeni yako ni Baba Askofu wa jimbo!

Wapo waliodhani ni siasa. Lakini ukisoma mafundisho yake unakuta mzizi uko kwingine kabisa, uko kwenye Utatu Mtakatifu. Sisi katekisimu tuliikariri, Nafsi tatu Mungu mmoja, tukaiacha hapo kama fumbo la kuumiza kichwa. Yeye alisema Mungu hakutufunulia Utatu ili tukae kuuchambua kama hesabu ngumu. Alitufunulia ili tuishi hivyo. Baba, Mwana na Roho Mtakatifu wanashirikiana vyote, hakuna aliye na chake peke yake. Basi familia zinazogawana kazi, chakula na shida zinaigiza, kwa udogo wao, maisha ya Mungu mwenyewe. Kwa kweli nilipoielewa hoja hii, Ishara ya Msalaba niliifanya taratibu zaidi.

Mawazo hayo hayakubaki Rulenge. Mwaka 1976 yeye na Padri Joseph Healey wa Shirika la Maryknoll, Mmarekani aliyeishi naye Nyabihanga, walihariri kitabu kidogo juu ya ujamaa na jumuiya za Kikristo. Mwaka huohuo maaskofu wa AMECEA walikutana Nairobi wakaamua kuzipa Jumuiya Ndogondogo kipaumbele katika Afrika Mashariki. Kwa hiyo mkeka wetu wa Jumamosi una historia ndefu kuliko tulivyodhani.

Ila nisiwadanganye. Vijiji vya ujamaa havikwenda alivyotarajia. Mwishoni mwa mwaka 1973 ilitolewa amri kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote vijijini wawe wamehamia kwenye vijiji vilivyopangwa, na lililokuwa hiari likawa lazima. Wazee wanasimulia familia zilizoacha migomba yao na makaburi ya wazazi wao. Miaka ya themanini mashamba ya pamoja mengi yalikufa kimyakimya. Hapa ndipo ninaposumbuka: je, aliota ndoto mbaya? Sidhani. Nadhani aliona mapema kwamba kushirikiana hakuwezi kuamriwa. Ndiyo maana aliendelea kukusanya familia, watawa na mapadri waliotaka wenyewe kuishi kwa kushirikiana, hata siasa ilipobadilika. Lakini naweza kuwa nampendelea, ni Askofu wetu.

Halafu ikaja Aprili 1994. Katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, wakamiminika Benaco wilayani Ngara. Walikuwa wengi kuliko wenyeji wote wa wilaya. Miti ilikatwa ikaisha, maji yakawa ya kugombania. Na kati ya waliovuka walikuwamo waliokimbia kuuawa na waliotoka kuua, wakalala kwenye hema za jirani. Askofu aliyefundisha miaka 25 kwamba watu waishi kama Utatu alipelekewa hilo mlangoni. Nikipita Benaco kwenye basi huwa nawaza aliomba nini usiku ule.

Mwaka 1996 alistaafu, kabla ya kufikisha umri wa miaka 75 unaotakiwa. Desemba ya mwaka huohuo wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao kwa daraja lilelile. Jimbo akalipokea Askofu Severine NiweMugizi, na tangu mwaka 2008 linaitwa Rulenge-Ngara. Mwoleka alifariki Oktoba 2002, wengi wetu tukiwa bado hatujazaliwa au tuko mgongoni mwa mama.

Yule kijana mwenzetu nimemtumia haya yote kwenye simu. Hajajibu. Ila Jumamosi hii jumuiya inakwenda kwa mama mjane ambaye maharage yake yamezidiwa na magugu, naye ameuliza kama kuna jembe la ziada. Nimemwambia liko kwetu, apite saa moja asubuhi.