Bosi wa Zamani Akikuita: Tujifunze kwa Mwalimu Nyerere



Vijana wenzangu, leo tuongee jambo linalowagusa wengi wetu huku Mbagala na Tandika, hadi kule Tegeta na Bunju. Uliacha kazi, au uliachishwa. Miezi imepita, unahangaika na vibarua, mwenye nyumba anadai kodi. Mara simu inaita: bosi wa zamani anataka urudi. Unafanyaje? Kuna atakayekuambia kazi ni kazi, rudi fasta. Na kuna atakayesema maji yakimwagika hayazoleki.

Mimi ni frateri, nimetoka kumaliza falsafa, na huko tunapenda hoja ndefu. Leo lakini nimeona nisimulie maisha ya mtu. Mtu huyo ni Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere. Wote tunamjua kama Baba wa Taifa. Wachache tunamkumbuka kama mtu aliyeacha kazi zaidi ya mara moja, kisha akalazimika kuamua arudi au asirudi.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Akasoma Mwisenge pale Musoma, kisha Tabora, kisha Makerere. Alibatizwa Desemba 1943, akiwa kijana wa miaka 21, umri wa wengi wenu mnaosoma hapa. Baada ya Makerere alifundisha St. Mary's Tabora, shule ya wamisionari, halafu mwaka 1949 akaenda Uingereza kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh. Aliporudi akamwoa Mama Maria Januari 1953, na mwaka huohuo akaanza kufundisha Chuo cha Mtakatifu Fransisko, Pugu.

Pugu hiyohiyo tunayokwenda kuhiji. Leo daladala zinafika, lakini wakati ule ilikuwa nje kabisa ya mji. Juma zima Mwalimu alikuwa darasani, na muda uliobaki ulikwenda kwenye mikutano ya siasa mjini. Julai 7, 1954 ikazaliwa TANU, naye akiwa rais wake. Machi 1955 akaenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi, mambo yalikuwa yamebana. Serikali ya kikoloni haikupenda mwalimu wa shule ya misheni aongoze chama, na wakuu wa shule wakamtaka achague: ualimu au siasa.

Hebu jiweke mahali pake. Ana mke, ana familia changa. Kazi ina mshahara na nyumba, waajiri ni mapadre wa Kanisa lake mwenyewe. TANU haina hela. Mwezi huohuo wa Machi aliandika barua ya kuacha kazi.

Kilichofuata hakikuwa cha kishujaa sana. Alirudi nyumbani Butiama. Huko alipata kazi ya kumfundisha Kizanaki padre mmoja wa shirika la Maryknoll. Angalia hapo: aliacha ajira ya shule ya Kanisa, lakini hakulinunia Kanisa. Hakuzunguka akiwasema mapadre wa Pugu. Baadaye akarudi Dar es Salaam kuendelea na TANU, akaishi Magomeni kwenye nyumba ambayo leo ni makumbusho. Ukipita Magomeni ingia uione, ni nyumba ya kawaida tu. Darasani Pugu hakurudi tena, ila jina la Mwalimu alilibeba mpaka kaburini.

Mwaka 1957 gavana alimteua kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Alikaa miezi michache. Alipoona mapendekezo yake yanakataliwa na kiti chake kinabaki pambo, Desemba akajiuzulu. Je, hakurudi? Alirudi! Uchaguzi ulipopangwa, TANU iligawanyika, kwa sababu masharti ya kura yalikuwa ya ajabu: kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958, Mwalimu aliwashawishi wenzake wakubali kushiriki. Mwaka huohuo akaingia tena barazani. Baraza lilikuwa lilelile, lakini mara ya kwanza aliingia kwa hisani ya gavana, na mara ya pili aliingia kwa kura za watu.

Tukio linalonigusa zaidi ni la 1962. Desemba 9, 1961 tulipata uhuru, naye akiwa Waziri Mkuu. Hata miezi miwili haikupita. Januari 22, 1962 akajiuzulu, Rashidi Kawawa akashika nafasi. Jamani, nani anaacha uwaziri mkuu wa nchi yenye umri wa wiki sita? Lakini Mwalimu aliona chama kinalegea na wananchi wanahitaji kuelewa uhuru ni wa kazi gani. Basi akazunguka nchini, akakutana na watu, akaandika juu ya ujamaa.

Chama kikamtaka tena. Nchi ilikuwa inaelekea kuwa Jamhuri, TANU ikamsimamisha kugombea urais. Novemba 1962 alimshinda Zuberi Mtemvu kwa zaidi ya asilimia 98 ya kura, na Desemba 9 akaapishwa. Alirudi baada ya kumaliza alichoendea, na alirudi akijua anaitwa kufanya nini.

Tusimgeuze malaika. Urais ule ulikuwa na mamlaka makubwa kuliko uwaziri mkuu alioacha, na katika miaka yake watu waliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Kurudi mahali unapotakiwa sana kuna hatari yake: unaweza kuzoea kwamba bila wewe mambo hayaendi. Ndiyo maana mwaka 1985 una uzito. Aling'atuka urais kwa hiari, na mwaka 1990 akaacha uenyekiti wa CCM. Watu waliendelea kumfuata Msasani na Butiama kutaka ushauri, naye aliutoa, wakati mwingine kwa ukali. Ila kiti hakukirudia. Alifariki London Oktoba 14, 1999, na mwaka 2005 Jimbo la Musoma likafungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri.

Sasa turudi kwetu. Juzi baada ya kikao cha VIWAWA, kijana mmoja alinionyesha ujumbe wa bosi wake wa zamani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Aliondoka kwa sababu alikuwa halipwi kwa wakati, na mara mbili alitakiwa kuandika risiti za uongo. Sasa bosi anamwita, anamsifia hakuna aliyefanya kazi vizuri kama yeye. Kijana alifurahi kutakiwa, na mimi namwelewa. Kutakiwa ni kutamu, hasa ukiwa umekaa miezi minne bila kitu.

Nilimwomba ajiulize maswali matatu kabla ya kujibu. La kwanza: kilichonitoa kimebadilika, au kilichobadilika ni njaa yangu tu? La pili: nikirudi, naingia kwa masharti gani, na je, naweza kuyasema mezani kabla sijaanza? La tatu: nikiambiwa tena niandike uongo, nitakuwa na uhuru wa kuondoka mara ya pili?

Simlaumu mtu anayerudi kwa sababu ya shida. Njaa ni hoja nzito, na anayemhukumu mwenzake hapo huenda hajawahi kudaiwa kodi. Lakini kumbuka Waisraeli jangwani walitamani kurudi Misri kwa ajili ya vyungu vya nyama, wakati Musa alikuwa amerudi Misri ileile kwa sababu alitumwa. Nchi ni moja, safari ni mbili tofauti.

Yule kijana alimpigia bosi akaomba mambo mawili: malimbikizo yake yalipwe kwanza, na risiti ziandikwe za kweli. Mpaka naandika hapa hajajibiwa. Anaendelea na vibarua Tandika, na Jumapili alikuwepo kwaya. Tumwombee.

Zoezi la wiki: kama kuna mlango wa zamani unakuita, andika kwenye karatasi sababu iliyokutoa. Nenda nayo mbele ya Ekaristi, kaa kimya robo saa, kisha isome tena.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyefanya kazi kwa mikono yako Nazareti, wakumbuke vijana wanaotafuta riziki. Tupe busara ya kujua lini tuondoke, unyenyekevu wa kurudi unapotutuma, na ujasiri wa kukataa panapotupotezea roho. Amina.