IMAMU AL-GHAZALI NA MIZANI YA WEMA

Imamu Abu Hamid Muhammad Al-Ghazali alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasani, mwaka 450 wa Hijra (1058). Alisoma Nishapur kwa Imamu Al-Juwaini, na mwaka 484 (1091) Waziri Nizam al-Mulk akamweka kufundisha katika Madrasa ya Nizamiya, Baghdad. Wanafunzi wapatao mia tatu wakamzunguka.

Katikati ya utukufu huo aliipima nia yake, akaona kuwa alifundisha kwa kutaka jaha na sifa. Kwa muda wa karibu miezi sita moyo wake ulivutwa huku na huku, hata ulimi ukafungika darsani na chakula kikamshinda. Mwaka 488 (1095) aliacha cheo, akagawa mali yake ila ya kuwatosha watoto wake, akaenda Sham, Baitul Mukaddas na Hija.

Aliyekwisha kujipima hivyo hakukubali kuwa maumbile peke yake ndiyo mizani ya wema. Aliwataja wenye hikima waliochungua miili ya wanyama na mimea, wakakiri kuwa yuko Muumba, kisha wakasema kwamba roho hufa pamoja na mwili, wala hakuna hesabu. Imamu aliona kuwa watu hao wamejikatia hatamu, wakabaki kufuata matamanio.

Je, asiye na dini hamwokoi mtu anayeangamia? Hoja hii Imamu hakuikimbia. Katika kitabu chake Al-Mustasfa, alichokiandika karibu na mwisho wa umri wake, alijibu kwamba mwokozi huyo hujidhania yeye mwenyewe kuwa ndiye aliye hatarini, ndipo akaingiwa na huruma. Tena moyo huzoea kuambatanisha tendo na sifa za watu, hata pasipo msifu, kama aliyeumwa na nyoka aogopavyo kamba yenye rangi mbili. Hayo ni maumbile na mazoea. Huvuta, lakini hayawajibishi. Wajibu hutoka katika amri ya Mola.

Alifariki Tus mwaka 505 (1111).

Basi, ndugu yangu Mwislamu, huruma uliyoumbwa nayo ni neema, usiidharau. Lakini siku itakapokauka, naye jirani angali na njaa mlangoni pako, ni kitu gani kitakachokuinua? Jiulize hayo mapema, kama alivyojiuliza Imamu. Mwenyezi Mungu amrehemu, atutakasie nia zetu. Amin.