Maisha ya Mary Anning

Baba yangu alipofariki mwaka juzi nilidhani masomo yangu yamekwisha. Wakati huo mwalimu wetu wa jiografia aliniazima kitabu chenye habari za Mary Anning, nami napenda kuwasimulieni kwa ufupi.

Mary alizaliwa mwaka wa 1799 katika mji wa Lyme Regis, pwani ya kusini ya Uingereza. Majabali ya huko yamepangika kama kurasa za kitabu: tabaka la mawe ya chokaa, kisha la udongo mgumu, kisha chokaa tena. Zamani, yapata miaka milioni 200 iliyopita, yalikuwa matope chini ya bahari ya kina kifupi. Wanyama waliokufa humo walifunikwa, na mifupa na makombe yao yakageuka mawe. Hivyo ndivyo visukuku.

Baba yake, seremala, alimfundisha kuvitafuta na kuwauzia wageni. Mwaka wa 1810 baba akafa, akaacha madeni. Mary alikuwa na miaka 11 tu. Mwaka uliofuata kaka yake Joseph aliona fuvu kubwa jabalini, na mwaka wa 1812 Mary akapata sehemu iliyobaki ya mnyama yule. Alikuwa ikthiosauri, mtambaazi wa baharini mwenye umbo la samaki. Mwaka wa 1823 akafukua plesiosauri, mwenye shingo ndefu mno hata bingwa Cuvier wa Ufaransa akashuku kwamba mifupa imeunganishwa kwa hila. Baadaye alikiri kuwa amekosea.

Kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Mwaka wa 1833 jabali liliporomoka, likamwua mbwa wake, naye Mary akaponea chupuchupu.

Mabwana walionunua visukuku vyake waliandika habari zake, mara nyingi bila kumtaja. Chama cha Wanajiolojia cha London hakikupokea wanawake kuwa wanachama mpaka mwaka wa 1919. Yeye alikwisha kufa mwaka wa 1847, kwa saratani.

Mary hakusoma shule kubwa. Alinakili maandishi ya wataalamu kwa mkono, akapasua samaki ili ajue maumbile yao. Mimi ninavyo vitabu, taa na mwalimu, na mama yangu ameuza mbuzi wake wote kwa karo ya muhula huu. Basi, wenzangu, nilikuwa nimekwisha kufunga sanduku langu, nimelifungua tena.