Arthur Holmes, Aliyepima Umri wa Miamba

Wapenzi wanafunzi, katika safu yetu ya watu walioitumikia elimu, safari hii tumeonelea tumzungumzie Arthur Holmes, Mwingereza mashuhuri kwa wasomi wa miamba. Tumemchagua kwa sababu milima hii ya Pare, tunayoiona kila siku kutoka hapa Kifaru, imo katika ukanda wa miamba ulioitwa kwa jina alilolitoa yeye.

Holmes alizaliwa tarehe 14 Januari 1890, karibu na mji wa Gateshead, kaskazini mwa Uingereza. Kwao hawakuwa na mali. Alisoma London kwa ufadhili wa paundi 60 kwa mwaka, nazo hazikumtosha. Hapo ndipo alipojifunza kupima umri wa jiwe. Baadhi ya mawe yana urani, ambayo hugeuka polepole kuwa madini ya risasi kwa kiwango kisichobadilika. Ukipima urani iliyobaki na risasi iliyopatikana, utajua jiwe lina miaka mingapi. Mwaka 1911 ilichapishwa kazi yake iliyoonyesha kuwa mwamba mmoja wa Norway una miaka milioni 370.

Mwaka huohuo shida ya fedha ilimpeleka Msumbiji kutafuta madini, kwa mshahara wa paundi 35 kwa mwezi. Madini ya kuuza hakuyapata, ila alipata malaria kali, hata habari ya kifo chake ikapelekwa kwao kimakosa. Alipona akarudi. Mwaka 1920 akaenda Burma kutafuta mafuta. Kampuni ikafilisika, na mwanawe mdogo akafia huko kwa ugonjwa wa kuhara damu. Alirudi mikono mitupu, lakini elimu hakuiacha, na mwaka 1924 akapata kazi ya kufundisha Durham.

Zama hizo Mjerumani Alfred Wegener alikuwa ameshasema kwamba mabara yote yaliwahi kuwa kitu kimoja, kisha yakaachana. Wasomi wengi walimpinga wakiuliza ni nguvu gani iwezayo kusukuma bara zima. Mwishoni mwa 1927 Holmes alitoa jibu. Joto la urani na vitu mfano wake huifanya miamba ya chini sana izunguke, kama uji mzito jikoni: wa chini ukipata moto hupanda, wa juu ukipoa hushuka. Miamba hiyo si maji, ni migumu, lakini kwa mamilioni ya miaka husogea na kubeba mabara. Holmes hakudai uhakika. Alieleza wazi kuwa hiyo ni dhana inayongoja ushahidi, kisha akaiweka katika kitabu chake cha mwaka 1944 ingawa wengi waliikataa. Katika miaka ya 1960 uchunguzi wa sakafu ya bahari ulionyesha kuwa mabara husogea kweli. Holmes alifariki London mwezi Septemba 1965.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1951 Holmes aliandika kuwa miamba ya mashariki ya Afrika, kuanzia Msumbiji na kupita Tanganyika na Kenya, ni mabaki ya safu moja ya milima ya kale. Akayaita Ukanda wa Msumbiji. Wataalamu waliomfuata, kwa njia ileile ya urani na risasi, wamepata kuwa miamba ya Pare ilipikwa kwa joto kali chini ya ardhi kiasi cha miaka milioni 640 iliyopita. Wakati huo vipande vya ardhi viligongana, likaundwa bara kuu la Gondwana. Miamba jamaa yake imo Madagaska, Sri Lanka na kusini mwa Uhindi. Kwa kulinganisha umri na aina ya mawe hayo, wataalamu huyapanga upya mabara kama yalivyokuwa kabla hayajaachana.

Ndugu wanafunzi, Holmes alikwenda kutafuta mali mara mbili, na mara zote mbili akaikosa. Kilichobaki ni elimu aliyoishikilia, na uaminifu wa kutenganisha alilolijua na alilolidhania. Nasi tunawanasihi mfanye hivyo katika masomo yenu: aliye na dhana aseme ni dhana, kisha asichoke kuitafutia ushahidi. Na mtakapopanda mlimani, yaangalieni vizuri mawe mnayoyakanyaga.