BIBI KHANOM WA ASTARABAD

Miongoni mwa watu wa Uajemi ambao khabari zao zafaa kusomwa na kila Muislamu mwenye binti nyumbani ni Bibi Khanom Astarabadi. Alizaliwa kiasi cha mwaka 1858 upande wa kaskazini wa nchi hiyo. Mama yake, Khadijeh Khanom, alikuwa mwalimu katika nyumba ya wake za mfalme Naser al-Din Shah. Basi ndani ya kasri mwanamke kusoma na kusomesha halikuwa jambo la ajabu; ghadhabu zilikuja lilipotakiwa na raia.

Aliolewa na Musa Khan Vaziri, afisa wa jeshi, wakajaaliwa watoto saba. Mmoja wao ni Ali-Naqi Vaziri, bingwa wa muziki ajulikanaye Uajemi nzima.

Zama hizo watu walikuwa wakisoma kitabu kiitwacho Ta'dib al-Nisvan, yaani Kuwatia Wanawake Adabu, ambacho mtungaji wake hakujitaja jina. Kilimfunza mke namna ya kutembea, kula na kunyamaza mbele ya mumewe. Mnamo 1894 au 1895 Bibi Khanom akakijibu kwa kitabu chake, Ma'ayeb al-Rejal, yaani Aibu za Wanaume. Hakupunguza makali. Alimweleza mlevi na kikao chake, mcheza kamari, mvuta bangi na afyuni. Wala hakuficha taabu za ndoa yake mwenyewe. Alisema kwamba yeye hajioni anafaa kuwatia wanaume adabu, ila ataziweka wazi aibu zao, huenda wakaacha kuwafunza wake zao wakajifunza wenyewe. Kitabu hicho kilikaa katika hati za mkono miaka mingi, kisipigwe chapa mpaka 1992.

Lakini kazi yake kubwa, kwa maoni yetu, ni skuli. Uajemi ilipata Bunge mwaka 1906, na mwaka uliofuata Bibi Khanom akafungua nyumbani kwake Tehran skuli ya wasichana Waislamu. Aliiita Dabestan-e Dushizegan, yaani Skuli ya Wanawali. Masomo yalikuwa Kurani, kusoma na kuandika, sharia, tarehe, jiografia, hesabu na mapishi. Waalimu wote walikuwa wanawake, na mwanamume pekee mlangoni alikuwa bawabu mzee.

Ungedhani hapo hapana la kulaumiwa. Lakini Sheikh Fazlollah Nuri, mwanachuoni mkubwa wa Tehran mwenye ilimu nyingi, alizipinga skuli hizo mpya za wasichana, na wengine wakafuata kwa maneno mabaya zaidi. Skuli ikafungwa. Twastaajabu, kwani Kurani ilikuwa somo mojawapo, na kila sababu ya fitina ilikwisha zibwa.

Bibi Khanom hakukaa kimya. Aliandika magazetini, akaipelekea serikali malalamiko yake. Mwisho alipewa ruhusa kwa sharti mbili: neno wanawali liondolewe katika jina, kwani eti lawatia watu fikira mbaya, na wapokewe watoto wa miaka 4 hadi 6 tu. Yaani msichana akifikia umri wa kufahamu, arudishwe nyumbani! Hata hivyo alikubali, akafungua milango tena.

Alifariki mwaka 1921. Binti yake, Afzal Vaziri, alikuwa mwalimu kama mama yake na bibi yake, naye pia akaandika magazetini kuwatetea wanawake.