DAUDI OCHENG, MBUNGE ALIYEULIZA HABARI ZA DHAHABU

Katika kurasa za kumbukumbu watu huzoea kusoma habari za marais na wafalme. Safari hii Kamati imemchagua mtu ambaye hakutawala nchi. Wakongomani walio kati yetu wataelewa sababu kabla ya wengine.

Daudi Ocheng alizaliwa Acholi, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1925. Baba yake, Rwot Lacito Okech, alikuwa chifu wa Koch. Kijana huyu alisoma King's College Budo, karibu na Kampala, na huko akawa rafiki wa Edward Mutesa, Kabaka wa Buganda. Baadaye alikwenda Makerere, kisha Wales kusomea kilimo.

Urafiki ule ndio uliomwingiza katika siasa, tena kwa mlango ambao Mwacholi hakutazamiwa kuupitia. Akawa katibu mkuu wa Kabaka Yekka, chama cha kutetea kiti cha Kabaka, na akaingia Bungeni. Sisi tunaoishi penye makabila mengi tunajua mtu wa namna hiyo husemwaje: kwao huonekana amewahama, na kule alikohamia hubaki mgeni. Umoja wa chama chake na UPC ya Waziri Mkuu Milton Obote ulivunjika mwaka 1964, na wabunge wengi wa Kabaka Yekka wakahamia UPC. Ocheng alibaki.

Wakati huo vita vya Simba vilikuwa vinawaka mashariki ya Kongo. Serikali ya Obote iliwasaidia waasi, na kiungo chao katika jeshi la Uganda alikuwa Kanali Idi Amin. Dhahabu na pembe za ndovu zilivuka mpaka. Wenye nchi walikimbia mikono mitupu, na mali yao ikapita njia nyingine. Ocheng alipata karatasi za benki zilizoonyesha kwamba zaidi ya shilingi 300,000 ziliingia katika akaunti ya Amin mwezi Februari 1965. Kwa mshahara wa askari wa siku zile, fedha hizo zilikuwa nyingi kupita kiasi.

Tarehe 4 Februari 1966 alisimama Bungeni akataka Amin aondolewe kazini mpaka polisi wamchunguze. Aliwataja pia Obote mwenyewe na mawaziri Felix Onama na Adoko Nekyon kuwa walipata sehemu ya mali hiyo. Obote alikuwa safarini kaskazini. Wabunge wa UPC walikuwa wamekwisha kukubaliana kuikataa hoja, lakini siku ile waliigeuka ahadi yao, wakaipitisha. Aliyepinga alikuwa mmoja tu, John Kakonge.

Tuseme haki: Ocheng hakuwa mtu asiye na upande. Alikuwa rafiki wa Kabaka, na ndani ya UPC walikuwapo waliotaka Obote aanguke, wakaitumia hoja yake. Madai yake juu ya mawaziri hayakuwa na karatasi kama yale ya Amin. Lakini swali la akaunti lilikuwa swali halali, na hakuna mwingine aliyethubutu kulisimamia hadharani.

Mambo yakaenda mbio. Tarehe 22 Februari mawaziri watano walikamatwa wakiwa kikaoni, mmoja wao Grace Ibingira, mtoto wa Ankole hii tunamoishi. Amin hakufukuzwa, alipewa ukuu wa jeshi. Katiba ikasimamishwa, Mutesa akaondolewa urais. Tarehe 24 Mei jeshi likashambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo. Mutesa aliponyoka, akapitia Kongo na Burundi, akafia ukimbizini London mwaka 1969.

Ocheng hakukamatwa. Tayari alikuwa anaugua saratani ya tumbo, na alifariki tarehe 1 Juni 1966, wiki moja baada ya Mengo kupigwa.

Tume ya majaji kutoka nje ya Uganda ilikuwa imeundwa kuchunguza madai yake. Amin aliiambia kwamba fedha zile zilikuwa za waasi, za kuwanunulia mahitaji. Ripoti ilikaa kabatini miaka mitano bila wananchi kuisoma. Ilichapishwa mwaka 1971, na serikali iliyoitoa ilikuwa ya Rais Idi Amin.